Gari Dogo la Chama: Kupima Vizazi vya Starlet na Vitz Kabla ya Kutoa Fedha za Wanachama

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu, watunza hazina na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Katika vyama vingi, ajenda ya kununua gari hufikiwa mwisho wa kikao, wakati wajumbe wamekwisha choka na jua linatua. Mjumbe mmoja husimama akasema kwamba gari fulani ni rahisi. Mwingine huongeza kwamba jirani yake analo na halijamsumbua. Mikono huinuliwa, na mamilioni ya shilingi hutoka benki. Kamati hiyo hiyo, asubuhi ya siku ile ile, huweza kutumia saa nzima kuhojiana juu ya upungufu wa magunia mawili ya mbolea. Tofauti hii haitokani na ubaya wa nia. Inatokana na jambo moja tu: gunia kila mjumbe anajua kulipima, lakini gari hajapata kufundishwa namna ya kulipima.

Madhumuni ya maelezo haya ni kutoa kipimo hicho. Mfano uliochukuliwa ni gari dogo la Toyota linalojulikana sana katika Afrika Mashariki: kwanza Starlet, na baada yake Vitz, ambalo Ulaya liliitwa Yaris tangu mwanzo, na ambalo tangu mwaka 2020 linaitwa Yaris hata huko Japani. Gari hili limechaguliwa kwa sababu limepita katika vizazi vingi, na kila kizazi bado kinaonekana barabarani. Atakayejua kulipima hili ataweza kulipima lolote.

Asili ya magari haya

Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Tanzania, Kenya na Uganda, na usukani wa magari yake uko kulia. Sheria ya nchi hiyo humtaka mwenye gari dogo jipya alipeleke kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, na tangu hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizeeka gharama ya kulirekebisha ili lipite huongezeka. Kwa hiyo watu wengi huona heri kuliuza gari wakati bado lina nguvu. Magari hayo huingia minadani, na kutoka minadani hupakiwa melini hadi Dar es Salaam na Mombasa. Hii ndiyo sababu gari lililotumika Japani huweza kufika huku likiwa bado zima. Lakini mnada huo huo huuza pia magari yaliyogongwa na yaliyochoka, na meli huyabeba yote pamoja.

Vizazi vyake kwa mfuatano

Jina la Starlet lilianza mwaka 1973. Toleo lililojulikana zaidi katika miaka ya mwanzo, yaani lile la mwaka 1978, lilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayosukuma gari, na injini za jamii ya K zisizo na mambo mengi: kabureta, cheni ya taimingi, na nafasi ya kutosha ya kupitisha mkono na spana. Mwaka 1984 gari lilibadilika kwa msingi. Magurudumu ya mbele ndiyo yakawa yanavuta, na injini za jamii ya E zenye mkanda wa taimingi zikaingia. Matoleo yaliyofuata, ambayo mafundi huyaita EP80 na EP90, yaliendelea na mfumo huo mpaka utengenezaji ulipokoma mwaka 1999.

Mwenye Starlet la namna hiyo hana budi kukumbuka mkanda. Mkanda wa taimingi ni wa mpira. Huzeeka kwa kilomita na huzeeka kwa miaka pia, hata gari likiwa limesimama bandani. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Asiyejua ulibadilishwa lini na auhesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama yake aiingize katika bei ya kununulia.

Vitz lilianza Januari 1999. Umbo lake lilichorwa na Sotiris Kovos, Mgiriki, na lilipata sifa kubwa: Yaris lilitangazwa kuwa gari bora la mwaka 2000 barani Ulaya. Urefu wake haukufika mita 3.7, lakini ndani lilikuwa na nafasi kuliko ilivyotarajiwa. Mita ya mwendo iliwekwa katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva. Injini ndogo ilikuwa na silinda 4 na ujazo wa sentimita 997, na zilikuwapo pia za lita 1.3 na 1.5. Zote zilirudi kwenye cheni ya taimingi. Kwa kawaida gia zilikuwa za mkono au otomatiki ya hatua 4.

Toleo la pili lilitoka mwaka 2005. Gari likawa pana na refu zaidi, na mita ikabaki katikati. Injini ya lita 1 ikawa ya silinda 3. Ni nyepesi na haili petroli nyingi, lakini hutetemeka kidogo gari linaposimama, na mnunuzi asiyejua huweza kudhani kuwa ni ugonjwa. Katika toleo hili gia otomatiki ya mkanda, ambayo mafundi huiita CVT, ilienea kwenye injini za lita 1.3 na 1.5. Gia hii haina hatua. Ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya magurudumu mawili yenye mapana yanayobadilika.

Toleo la tatu lilitoka mwishoni mwa mwaka 2010 na kutengenezwa mpaka mapema mwaka 2020. Mita ilihamishwa ikawa mbele ya dereva, urefu ukafika karibu mita 3.9, na gia ya mkanda ikatawala hata kwenye injini ya lita 1. Tangu Januari 2017 Japani iliuza pia Vitz lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Baada ya hapo likaja Yaris la mwaka 2020, gari la msingi mpya kabisa, nalo likatangazwa kuwa gari bora la mwaka 2021 Ulaya.

Katika mfuatano huu liko somo moja. Kila kizazi kiliondoa udhaifu fulani na kuleta mahitaji fulani. Starlet la zamani laweza kutengenezwa na fundi wa kijijini chini ya mwembe, lakini halina kinga ya kutosha kwa abiria. Vitz la toleo la tatu ni salama zaidi na hutumia petroli kidogo, lakini linamtaka fundi mwenye chombo cha kusomea kompyuta ya gari. Chama kilichoko kilomita 120 kutoka kwa fundi wa namna hiyo hakina budi kulifikiria jambo hilo kabla ya kununua.

Jina si chuma

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwaka 2020 Toyota ililirudisha jina la Starlet kwa gari jipya lililoanza kuuzwa Afrika Kusini, kisha katika nchi nyingine za Afrika. Gari hilo hutengenezwa India na kampuni ya Suzuki, na msingi wake ni gari la Suzuki liitwalo Baleno. Halina undugu wa chuma na Starlet la mwaka 1996. Hii haimaanishi kuwa ni gari baya. Maana yake ni kwamba vipuri vya moja haviingii katika jingine, na sifa alizojijengea babu hazimpi mjukuu wa kupanga ushahidi wowote.

Kwa hiyo kamati isiandike katika kumbukumbu zake kwamba "chama kitanunua Vitz". Iandike namba ya aina. Namba hiyo imo kwenye kibati ndani ya boneti na kwenye hati za gari. Herufi za mwanzo huonyesha injini, na tarakimu za mwisho huonyesha kizazi. SCP10 ni toleo la kwanza la lita 1. NCP10 ni toleo hilo hilo la lita 1.3. KSP90 ni toleo la pili la lita 1, na SCP90 ni la lita 1.3. KSP130 ni toleo la tatu la lita 1, na NSP130 ni la lita 1.3. Mtunza hazina mwenye namba hii mkononi anaweza kuuliza bei ya kipuri katika maduka matatu kabla gari halijanunuliwa. Asiye nayo hununua kwanza na kuuliza baadaye.

Hesabu ya kilomita moja

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo haya. Bei ya kununulia ni malipo ya kwanza tu ya gari. Gharama halisi ni bei ya kununulia ukitoa bei litakayouzwa, yaani uchakavu. Kisha huongezwa petroli, na huongezwa matengenezo. Jumla hiyo hugawanywa kwa kilomita zilizokwenda.

Na ichukuliwe mifano mitatu. Tarakimu zake si bei za soko; zimewekwa ili kuonyesha njia, na kila chama kitaweka za kwake. Petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Muda ni miaka 5, na mwendo ni kilomita 20,000 kwa mwaka, yaani kilomita 100,000 kwa jumla. Bima na ada havikuwekwa.

Gari kuukuu: limenunuliwa kwa shilingi 9,000,000 na kuuzwa kwa 4,000,000. Uchakavu ni 5,000,000. Linakwenda kilomita 12.5 kwa lita, hivyo petroli ni lita 8,000, yaani 24,000,000. Matengenezo ni 2,400,000 kwa mwaka, yaani 12,000,000. Jumla ni 41,000,000: shilingi 410 kwa kilomita.

Gari lililotumika kwa kiasi: limenunuliwa kwa 18,000,000 na kuuzwa kwa 10,000,000. Uchakavu ni 8,000,000. Linakwenda kilomita 16 kwa lita, hivyo petroli ni lita 6,250, yaani 18,750,000. Matengenezo ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani 6,000,000. Jumla ni 32,750,000: shilingi 327 na senti 50 kwa kilomita.

Gari jipya: limenunuliwa kwa 50,000,000 na kuuzwa kwa 22,000,000. Uchakavu peke yake ni 28,000,000. Petroli ni 18,750,000 na matengenezo ni 4,000,000. Jumla ni 50,750,000: shilingi 507 na senti 50 kwa kilomita.

Gari la nusu ya bei limegeuka kuwa ghali kuliko la bei maradufu. Lakini wajumbe wasikimbilie kulifanya jambo hili kuwa sheria. Chama ambacho gari lake litakwenda kilomita 5,000 tu kwa mwaka kitapata jibu jingine. Kwa miaka 5 gari kuukuu litatumia petroli ya 6,000,000. Matengenezo yakiwa 900,000 kwa mwaka, jumla pamoja na uchakavu ni 15,500,000. Gari la pili litatumia petroli ya 4,687,500. Matengenezo yakiwa 600,000 kwa mwaka, jumla ni 15,687,500. Yamekaribia kulingana, na lile kuukuu limeacha shilingi 9,000,000 ndani ya hazina kwa kazi nyingine tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati lisiwe "gari gani?" Liwe "kilomita ngapi?" Daftari la safari za katibu na mkaguzi wa mazao la mwaka uliopita ndilo litakalojibu.

Gari jipya nalo lisitupwe kwa tarakimu hizi tu. Lina dhamana ya muuzaji, na historia yake inajulikana yote. Chama kikubwa chenye safari nyingi, ambacho gari likisimama siku 3 wakati wa mavuno malipo ya wakulima huchelewa, chaweza kuona kwamba uhakika huo unastahili bei yake. Lakini na kiseme hivyo waziwazi katika kumbukumbu, kwamba kinanunua uhakika, wala kisijidanganye kuwa kinabana matumizi.

Kulikagua lililotumika

Kilomita zinazosomeka kwenye mita si ushahidi wa kutosha, kwa sababu mita huweza kurudishwa nyuma. Ushahidi uko kwenye karatasi. Hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Karatasi ya mnada nayo huonyesha daraja la gari: 4 au 4.5 ni gari zuri lililotumika, 3 lina kasoro za kuonekana, na herufi R huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji asiyekuwa na karatasi hizi na aulizwe sababu, na jibu lake liandikwe.

Baada ya karatasi, ukaguzi wa fundi. Fundi awe wa chama, asiwe wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, maana kelele ya cheni iliyolegea husikika zaidi katika sekunde za kwanza; injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha maneno yake. Oili ichunguzwe: cheni imeondoa gharama ya mkanda, lakini cheni huishi kwa oili safi, na mwenye gari aliyechelewesha oili ameifupisha. Kwenye gia ya mkanda, gari lijaribiwe mlimani. Likisitasita au likilia, liachwe. Gia hiyo ina mafuta yake maalumu, na kuitia mafuta ya otomatiki ya kawaida ni kuiua. Mwisho fundi alale chini aangalie bushi, shokapu, mipira ya ekseli za mbele, na kutu, hasa kwa gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hutiwa chumvi.

Kuhusu usalama, shirika la Ulaya liitwalo Euro NCAP lililipa Yaris la kwanza nyota 4, na matoleo yaliyofuata nyota 5. Nyota hizo zisilinganishwe kijuujuu, kwa kuwa mitihani imekuwa migumu zaidi kadiri miaka ilivyopita, na magari yaliyopimwa ni yale yaliyouzwa Ulaya. Jambo jingine ni mifuko ya hewa. Mwezi Mei 2015 Toyota iliyaita magari karibu milioni 5 duniani, yakiwamo ya Vitz, kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo ingeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Gari lililoacha Japani kabla ya kutengenezwa laweza kuwa limekuja na hatari hiyo. Namba ya chesisi ipelekwe kwa wakala wa Toyota ili ithibitishwe.

Umri na sheria

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Vitz la toleo la kwanza au la pili huko hupatikana tu kutoka kwa mwenyeji aliyelitumia. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, bali huongeza ushuru wa bidhaa kwa gari lililofikisha miaka 8, na kuongeza tena likipita miaka 10. Viwango hubadilika katika bajeti. Mtunza hazina avipate kwa mamlaka ya mapato, asivipate kwa dalali. Gari lililo rahisi Japani laweza kuwa ghali bandarini.

Wajibu wa kamati

Ndugu wajumbe, na ifikiriwe kwamba chama kina wanachama 400. Gari la shilingi 18,000,000 ni shilingi 45,000 kutoka kwa kila mmoja wao. Miongoni mwao yumo mjane aliyebeba kahawa yake kichwani hadi ghalani, na ambaye hatapanda gari hilo hata siku moja. Yeye haulizi rangi ya gari. Anauliza kama mizani yake itakaguliwa kwa wakati na malipo yake yatafika.

Kwa ajili yake, kila kamati ingefaa kufanya mambo matano kabla ya kupiga kura: kuhesabu kilomita za mwaka, kuandika namba ya aina, si jina tu, kufanya hesabu ya kilomita moja kwa magari yasiyopungua mawili, kupata karatasi za gari na taarifa ya fundi wa chama, na kutenga fedha za matengenezo ya mwaka wa kwanza siku ile ile ya kununua, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya hapo daftari la gari lifunguliwe, liandikwe kila lita na kila kipuri, na lisomwe mbele ya mkutano mkuu pamoja na hesabu nyingine.

Ikiwa baada ya hesabu hizo itaonekana kwamba safari za chama ni chache, na kwamba pikipiki moja na nauli za basi zatosha, basi kamati itakuwa imefanya kazi yake vizuri kuliko ile iliyonunua. Gari ambalo halikuhitajika halina kizazi kizuri.